Bwana Shamba Aliyeufanyia Udongo Msiba

Bwana Msabaha Kibwana, Bwana Shamba wetu, anastaafu tarehe 31 Desemba 1955, baada ya miaka ishirini na minane ya kuwakataza watu kuchoma mashamba. Mimi Muhidini, karani wake, nashuhudia kwamba miaka kumi na mmoja ya mwanzo hakusikilizwa na mtu.

Alianza mwaka 1927, kaptura imepigwa pasi, akifundisha samadi, kunde za kufunika ardhi, na mitaro ya kukinga maji miteremkoni. Watu walimwitikia vizuri, wakamnywesha kahawa, halafu wakawasha kiberiti. Yeye aliwavumilia. Mimi ningewatia makofi.

Mwaka 1938 shamba la Bi Sihaba, mjane wa kijiji cha Mkange, lilibaki mawe matupu. Kila mvua iliposhuka, udongo ulikwenda nayo mtoni. Bibi wa watu akafunga mizigo ahamie kwa kaka yake kule Ubena, huku analia waziwazi, maana mumewe alizikwa pale pale shambani na hakutaka kumwacha.

Bwana Msabaha akatangaza msiba. Marehemu: udongo. Shehe alikataa kuhudhuria, na haki yake. Lakini watani wa ukoo walikuja wote, kwani mtani hakosi msibani na kuchimba kaburi ni kazi yake. Wakauliza maiti ana urefu gani. Wakaambiwa anaanzia kwenye mkorosho mpaka kwa jirani, kalala kakingama mteremkoni, tena kafa na ndugu zake sita. Wallahi, walichimba makaburi saba! Mtani mmoja, Mwishehe, akajilaza ndani na kugoma kutoka mpaka apewe jogoo. Akapewa.

Ofisini nikaandika taarifa kama ilivyotakiwa: vifo saba, chanzo moto na uzembe. Wiki ya pili wakubwa, waliosoma idadi ya vifo tu, wakaleta watu wa chanjo, na Mkange nzima ikachanjwa.

Masika ikafika. Maji yalijaa makaburini, udongo ukabaki juu, na Bi Sihaba akafungua mizigo yake. Mwaka uliofuata vijiji vitatu vilifiwa kwa hiari yao.

Bi Sihaba alifariki mwaka jana, akiwa bado na shamba lake. Tulimzika kando ya mumewe, na majembe yalizama katika udongo mweusi, laini, bila kugonga jiwe. Bwana Msabaha alisimama pembeni akilia kama mtoto, nami sikumtania.

Ahsante sana, mzee wetu. Nenda ukapumzike, Mungu akupe afya na umri mrefu.