Dawa ya Kope

Sogezeni viti karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba wangu uliyesimama mlangoni kama mgeni, ingia ukae, maana pumzi yangu imekuwa fupi na siwezi kupaza sauti. Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha ndiyo mlie au mnilaumu.

Nyumba hii ni yenu wawili, kama baba yenu alivyotaka, na asiiuze mmoja bila mwenzake kuridhia. Cherehani ni ya binti yangu, kitinda mimba. Kifungua mimba, najua umenuna, nakusikia unavyovuta pumzi. Usinune kabla hujajua sababu.

Mnakumbuka chumba cha mbele, vipande vya vitambaa vikinifika magotini, na baba yenu akirudi kutoka karakana, kabla hata ya kunawa, ananitungia uzi kwenye sindano kwa vidole vyake vyenye grisi? Nilidhani macho yangu yamechoka kwa umri tu. Kumbe ilikuwa presha ya macho, ugonjwa usiouma wala kuwasha, unaokula pembeni mwa jicho polepole, mpaka siku moja nikakata mkono wa shati la mwalimu nikidhani nakata kitambaa kilichozidi. Daktari akanipa kichupa kidogo akaniambia, "Mama, tone moja kila jicho, kila jioni, maisha yako yote." Maneno hayo niliyasikia kwa masikio haya mawili.

Basi miezi miwili haikupita, kope zangu zikaanza kurefuka. Zilirefuka, wanangu, zikawa nyeusi, zikajikunja kama za msichana, na mimi kichwani nina mvi. Wateja walikuja kupima nguo wakasahau nguo. Baba yenu akanitania mezani, "Mke wangu, acha kupepesa, utanizimia mshumaa." Tulicheka mpaka chai ikapoa, na hata sasa nikikumbuka kicheko chake kifua hiki hupata nafuu. Tangu siku ile hakuna aliyesema dawa ya presha humu ndani. Ilikuwa dawa ya kope. "Mama, umetia dawa ya kope?" Jina tamu, nalo ndilo lililonipoteza, kwa kuwa kitu ukikiita kwa utani kila siku, mwisho unasahau kazi yake.

Sasa nasema lile nililolifunika. Harusi ya binti yangu ilipokaribia, nilijitazama kwenye kioo nikasema, kope zimetosha. Nikamwita, alikuwa amesimama na gauni lenye pini kila mahali, nikampa kichupa. Akakataa. "Mama, hii si dawa yako?" Nikamwambia, "Ni ya kope tu, mimi zimenitosha, na wewe upendeze." Nikampaka mwenyewe, kwa mkono huu, jioni baada ya jioni. Macho yake yalipokuwa mekundu akaacha, lakini mimi sikuirudia, kwa sababu sikuumwa popote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na jicho, wanangu, ukuta wake haujengeki tena. Niliporudi hospitali, la kulia lilikuwa limezimika, na kwa la kushoto nilikuwa nachungulia kama kwenye tundu la ufunguo.

Ndipo wewe, kifungua mimba, ulipokikuta kichupa kwenye vitu vya dada yako, ukamwambia mbele ya wakwe zake, "Umeyala macho ya mama ili upendeze." Alinitazama, akingoja niseme. Nikanyamaza. Niliona aibu, mwanamke mzima kupoteza macho kwa ajili ya kope. Naye hakunitaja, miaka tisa, mkipishana barabarani kama watu wasiojuana, na baba yenu akafa bila kuwaona mkila sahani moja. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami kimeshanijia. Dada yako hakuiba, baba. Nilimpa mimi. Hasira yako, kama bado unayo, ilete hapa kitandani.

Na lingine. Ugonjwa huu hufuata damu. Nendeni mkapimwe macho, wote, hata kama hamuumwi, na wewe kwanza, kifungua mimba, maana mara mbili wiki hii nimesikia bega lako likigonga mlango wangu, upande uleule. Mkipewa dawa, itieni kila siku na msigawane hata tone. Yaliyopotea hayarudi, lakini yaliyobaki hulindwa.

Nipeni maji kidogo... Inatosha.

Siwaoni, naona weupe wa dirisha tu, kwa hiyo msinitikisie vichwa. Mwombe radhi dada yako kwa mdomo, nisikie... Polepole. Usiseme kama unayesoma barua... Eeh. Hivyo. Na wewe, mama, mjibu, nami unisamehe ukiweza... Ahsante. Ahsante, mwanangu.

Nipeni mikono. Huu wenye kovu la nyundo naujua. Na huu mwororo ni wako, binti yangu. Kesho asubuhi mshikane hivihivi mpaka kliniki, msiningoje mimi. Mungu awape macho ya kuonana. Awape uzee wenye kicheko, na watoto wasioficha...

Lieni tu. Nawasikia... mnalia upande mmoja wa kitanda.