Anasikia Peke Yake

Basi la kutoka Nzega lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo Recheli, aliyekaa nyuma ya kijana na mama mmoja, alisikia kila neno bila hata kutega sikio. Kijana mwenye gitaa alikuwa amepakata amplifaya mpya ya kukuzia sauti, ndogo kama redio ya betri. Mama mwenye kapu la karanga alikuwa ameshamhoji mpaka jina: Felisiani.

"Hii, mama, inaigiza amplifaya za kila aina. Ukitaka ya chumbani, ya kanisani, ya ukumbi wa harusi, unazungusha hapa tu. Siku ya kwanza niliiwasha ikiwa kwenye sauti ya ukumbi wa harusi. Majirani wakaja na viti vyao."

"Ukawapigia?"

"Nilikuwa bado najifunza, mama! Nikachomeka hedifoni, nikawa nasikia peke yangu."

"Mwanangu! Watu wamebeba viti, wewe unawanyima? Huo uchoyo."

"Ni mazoezi."

"Uchoyo."

Recheli alikuwa upande wa mama, ila hakuna aliyemuuliza.

Felisiani akacheka, akamvisha mama hedifoni, akaanza kupiga. Abiria wengine walisikia nyuzi zikikwaruza tu. Lakini mama alitabasamu, mabega yakaanza kucheza, kisha akaachia wimbo kwa sauti ya kujaza kanisa. Basi zima likapiga makofi.

"Isevya!" konda aliita. Basi likasimama. "Nani aliomba Isevya?"

Recheli alimjua. Mama alikuwa bado anaimba, amefumba macho, anasikia peke yake.