Dada Ebla na Nyasi za Buna

Bismillahi. Mimi ni Liban, mdogo wake Ebla. Maisha yake yote alikuwa akinisahihisha, hata salamu za Idi, na leo ndiyo mara ya kwanza nasoma bila kukatizwa. Afadhali angenikatiza.

Dkt. Ebla Keinan alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Garissa, ambako mama yetu Ruqiya aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Alisoma shule ya msingi hapa mjini, sekondari Wajir, kisha chuo kikuu Nairobi. Mwaka 2006 aliolewa na Daud, mfanyabiashara wa mifugo, wakajaliwa Shamis na Yahye.

Mwaka 2013 alianza kufundisha uandishi chuo kikuu hapa Garissa. Insha ziliwekwa kwenye blogu ya darasa, zikasambazwa Facebook. "Mkiniandikia mimi peke yangu mtazembea," alizoea kuwaambia wanafunzi.

Mwaka 2018, mwanafunzi wake Nasteho alisifu nyasi zilizoota baada ya mvua nyuma ya kwao, Buna, kaskazini mwa Wajir. Aliandika vizuri mno, akataja hadi njia ya kufika. Haukupita muda, ngamia wa wafugaji wa mbali wakajaa. Baba yake, mzee Jelle, akapiga simu: "Mwalimu, hii blogu yako imeleta ngamia ya watu kwa malisho yetu. Nasteho narudisha nyumbani. Kusoma imeisha."

Ebla hakubishana. Alisafiri hadi Buna, akanywa chai, akaomba radhi. Mzee hakujua kusoma, basi wakakubaliana: kila insha isomwe kwanza kwa sauti, itumwe WhatsApp kwa wazee wa mahali panapotajwa, wakiridhia ndipo itoke. Nasteho akarudi darasani, na leo ni mwalimu. Mzee Jelle akawa msikilizaji mkali kuliko wahadhiri wote. Tulimcheka sana Ebla akisubiri majibu yake.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2023. Hata akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu alisikiliza insha kwa simu. Alifariki alfajiri ya Jumapili, 9 Februari 2025, tukamzika siku hiyohiyo. Namlilia dada yangu, sifichi.

Ameacha mama, mumewe Daud, Shamis, Yahye, mimi, na wanafunzi wake wote.

Kwa desturi yake, wasifu huu ulisomwa kwanza kwa mzee Jelle. Alijibu: "Hii tuma kila pahali. Hii wacha watu waje wote."

Mola amlaze Ebla penye kijani kisichokauka.