Aliyenusa Kabla ya Moshi

Baada ya miaka thelathini na minne katika Kitengo cha Ukaguzi wa Mizinga, Shangazi anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu. Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kumwandikia, na mwenyekiti akanisisitizia niandike kwa uchangamfu, watu wasije wakalia kabla ya chakula. Nimejaribu. Mwenyekiti akiona nimeshindwa, basi chakula kitangulie.

Shangazi ndilo jina tunalomwita ofisi nzima, hata mkurugenzi, ambaye kwa umri ni kaka yake. Wafugaji wa nyuki wao humwita Pua. Hawamtukani. Mkaguzi mwingine yeyote hufungua mzinga akaangalia. Yeye alinusa, halafu ndipo akaangalia, na mara nyingi macho yalikuja tu kukubaliana na kilichokwisha kusemwa.

Mzinga wenye afya hunukia nta na mbao iliyopigwa jua. Ukinuka vibaya kuna sababu, na kazi ya Shangazi ilikuwa kuitaja sababu hiyo. Harufu ya siki ni ugonjwa wa majana, yaani watoto wa nyuki, lakini ule mwepesi: mzinga ukipata malkia mpya na chakula cha kutosha, huweza kupona. Harufu ya tunda lililochacha ni mbawakavu walioingia wakaiharibu asali. Harufu ya mzoga mara nyingi ni panya aliyeingia kutafuta joto, akachomwa akafia humo, na nyuki hawana ubavu wa kumtoa. Harufu ya soksi zilizovaliwa wiki nzima si ugonjwa hata kidogo: nyuki wameleta nekta ya maua fulani, nayo ikikomaa harufu huisha. Kuna mwalimu mstaafu tuliyemkuta amekwisha kuzimwagia mafuta ya taa kuni zilizozunguka mzinga wake, kiberiti kiko mkononi, eti mzinga umeoza. Shangazi alinusa, akamwambia aende akafue, mzinga wake hauna neno.

Halafu kuna harufu ya gundi. Si hii gundi nyeupe ya siku hizi. Ni ile ya maseremala wa zamani, inayopikwa kwa ngozi na mifupa. Ukiisikia hiyo kwenye mzinga, majana yanaoza ndani ya masega, na dawa yake ni shimo na moto. Ugonjwa huo hujificha ndani ya mbao miaka na miaka, ukingoja nyuki wengine. Habakizwi nyuki, halibakizwi sega, haubakizwi hata mfuniko.

Sote tulifundishwa kupuliza moshi kwanza ili nyuki watulie. Shangazi alikataa. Alisema kunusa mzinga baada ya moshi ni sawa na kumhoji mtu baada ya kumlewesha. Alipiga magoti mlangoni pa mzinga, akainua wavu wa kofia, akasogeza uso, na nyuki nao wakamjibu wanavyojua wao. Siku nyingi alirudi ofisini pua imekuwa kubwa kuliko cheo chake. Tulicheka, naye akacheka, ingawa kucheka kwenyewe kulimuuma.

Kwa ajili ya pua hiyo sisi wote tuliishi kama watawa. Siku ya ukaguzi ilikuwa marufuku kujipulizia manukato, kula kitunguu au kuogea sabuni ya maua. Mhasibu wetu alipoajiriwa hakujua. Alikuja kupanda pikapu ananukia kama bwana harusi, akasafirishwa nyuma pamoja na ndoo na mabomba ya moshi, kwenda na kurudi, tai ikimpiga usoni. Mpaka leo akiwa na miadi na mtu huuliza kwanza kama Shangazi yupo.

Sasa nimfikie mume wake, maana bila yeye sina ninachoeleza.

Alikuwa seremala. Alikuja ofisini kwetu zamani akiwa na zabuni ya kutengeneza mizinga, na mkaguzi mmoja msichana akaikataa yote aliyoleta kwa sababu inanuka gundi. Fundi akaipeleka nyumbani kwake, akaianika juani, akairudisha. Ikakataliwa. Akaianika tena. Mara ya tatu alikuja bila mzinga, akisema amekuja yeye mwenyewe kukaguliwa. Alipita. Tulimtania Shangazi miaka yote hiyo: utautambuaje ugonjwa, nawe unalala na gundi? Alikuwa na jibu lake, na halikubadilika. Gundi ya mume wake iko peke yake. Ya ugonjwa ina kitu kimelala chini yake, kama samaki aliyesahauliwa mfukoni.

Karakana ya fundi ilikuwa nyuma ya nyumba, na mwisho wa uwanja kulikuwa na mizinga mitano aliyoitengeneza kwa mikono yake. Mkewe hakuwahi kuikagua. Kanuni inasema mkaguzi hakagui mali yake, na kanuni hiyo aliiandika Shangazi. Kila mwaka alikwenda mmoja wetu. Mwaka ambao fundi aliugua mapafu, Shangazi aliomba ukaguzi wa mizinga hiyo usogezwe, kwani alikuwa hospitali mchana kutwa, na nani angemkatalia?

Fundi alifariki mwaka jana. Msiba ulipokwisha tuliendelea kumtembelea Shangazi, na kila mara alitupeleka uani, kwenye benchi la fundi. Alituambia tukae hapo, tuvute hewa, bado ananukia. Nasi tukavuta. Ni kweli, gundi ilisikika, hasa jua likielekea kuzama na joto likitoka ardhini. Wakaguzi wanne wa harufu, wenye vyeti, tulikaa hatua chache kutoka kwenye mizinga ile, tukanywa chai, tukaitikia kwamba ndiyo, ni yeye huyo, mtu mwema harufu yake haiondoki upesi. Shangazi alikuwa akitabasamu. Miezi ile, hapo ndipo mahali pekee nilipomwona akitabasamu.

Kisha mpwa wa fundi alikuja kuchukua benchi. Shangazi akamsihi aliache, maana pale ndipo harufu ya mjomba wake ilipobaki. Kijana wa watu akashangaa. Akamwambia, kwa upole kama anavyosimulia mwenyewe, kwamba chungu cha gundi alikichukua wiki ile ya mazishi, sakafu akaisugua, na karakana yenyewe tangu hapo ni ghala la magodoro. Sasa shangazi, harufu gani hiyo?

Shangazi alinipigia simu kesho yake asubuhi. Alisema maneno machache: njoo na kiberiti, usije na moshi.

Nilimkuta amesimama uwanjani, hana kofia, hana wavu. Alipiga magoti kwenye mzinga wa kwanza kama alivyozoea, akasogeza uso mlangoni. Nikasubiri wamchome. Hawakumchoma. Walitoka wachache, wakatembea kwenye ubao kama wagonjwa waliotolewa nje kuota jua, hawakuwa na nguvu ya kugombana na mtu. Alikaa pale muda mrefu, macho kafumba. Halafu akainuka, akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa njiti ya kiberiti. Aliinua sega, akatumbukiza njiti kwenye tundu moja la majana, akaivuta taratibu. Uzi ukafuata, wa kahawia, mrefu, unanata kama kamasi. Hicho ndicho kipimo, hakina rufaa.

Mimi ndiye niliyelia. Yeye aliifuta njiti, akaniambia niandike taarifa kama ninavyoandika ya mtu mwingine yeyote, mwenye mizinga ni mjane, mkaguzi ni mimi.

Hapo palikuwa na jambo jingine, na ndilo lililomnyima usingizi. Nyuki hawajui mipaka. Mzinga ukidhoofika, nyuki wa jirani huja kuiba asali na kuibeba pamoja na ugonjwa. Jirani wa karibu ni mfugaji tunayemwita Kimya, na ukimya wake una historia. Zamani Shangazi aliichoma mizinga ambayo Kimya aliachiwa na marehemu baba yake. Kimya alimwomba abakize mmoja tu wa ukumbusho. Shangazi akakataa, kanuni ni kanuni. Yule bwana hakumsalimia tena. Walipishana njiani kama watu wa miji miwili, naye akaanza ufugaji upya, mzinga mmoja mmoja.

Shangazi alikwenda mwenyewe kumwambia. Nilitaka kumsindikiza, akanizuia getini, lakini nilisikia. Hakuzungukazunguka. Alimweleza kwamba mizinga ya mumewe inanuka gundi, kwamba imenuka kwa miezi, kwamba aliisikia harufu akaipenda, na sasa amekuja kuomba kunusa ya kwake. Tuliikagua yote. Mmoja ulikuwa umeshaambukizwa, mmoja tu, lakini ndio uliokuwa umejaa kuliko yote. Nikangoja matusi. Kimya alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na sepetu begani, akamuuliza neno moja ambalo sitalisahau: tuanze na yako, mama, au na wangu?

Walianza na ya Shangazi. Jioni nyuki walipokwisha kurudi tuliziba milango, tukaishusha mizinga yote shimoni. Mizinga ya fundi haikuwa na msumari hata mmoja, viungo vyote ni vya kuchonga na gundi, na ilikuwa imetulia pale chini kama makabati mapya. Mhasibu, ambaye alikuja kusaidia na hakujipulizia kitu, alinong'ona kwamba tungeweza kubakiza mfuniko mmoja, tuuunguze juu juu, nani atajua. Kwa mara ya kwanza nilimsikia Shangazi akipandisha sauti. Alisema amewachomea watu mizinga ya baba zao wakiwa wamemshika miguu, aje leo abakize mfuniko wa mume wake? Kisha akawasha mwenyewe.

Mbao zilipopata moto, gundi ya kwenye viungo ikaanza kuyeyuka. Ile ya kweli, ya fundi, iko peke yake, bila kitu chini yake. Sote tuliisikia. Shangazi alifumba macho, akavuta pumzi mpaka moto ulipokolea na pakabaki harufu ya moshi tu.

Angeweza kuongezewa mkataba, mkurugenzi alimwomba mara mbili. Alikataa. Anasema pua iliyochagua ya kusikia na ya kutosikia haifai tena kwa ukaguzi. Anasema kile cha chini, yule samaki, alimsikia tangu wiki za mwanzo, akajiambia ni panya. Mimi sikubaliani naye, na kwa kuwa karatasi hii ni yangu leo, nasema hivi: Shangazi, acha hayo. Katika miaka thelathini na minne uliwaokoa nyuki wasiohesabika na wenye nyuki wasiojua kushukuru. Miezi michache ulimtamani mume wako. Nani asingetamani? Hata sisi wanne tulinusa tukaitikia.

Kamati ilikuwa imekubaliana kumnunulia chupa kubwa ya manukato, sasa kwa kuwa ruksa imepatikana. Nilipomdokezea habari hiyo kwa mbali, alicheka kidogo, akasema nyumba yake siku hizi hainuki kitu. Si vibaya, si vizuri. Anafungua mlango wa uani asubuhi, hakuna kitu. Alisema bila kulalamika, kama anavyosoma taarifa ya ukaguzi, na mimi nikatafuta pa kuweka uso wangu.

Kwa hiyo manukato hatukununua. Tulimwendea mpwa wa fundi. Zawadi iliyo juu ya meza ya mbele, iliyofungwa kwa karatasi ya bluu, ni kile chungu. Kijana amekitoa bila kusita, benchi ameliacha palepale uani, na ndani ya chungu ameacha gundi iliyoganda, ya mkono wa mjomba wake, ambayo hakuwa na moyo wa kuibandua. Kimya amechonga mfuniko mpya wa mbao, maana wa zamani ulipotea. Ameuleta mwenyewe hapa ofisini, na amesema Shangazi atasalimiwa atakapoukubali.

Shangazi, asante kwa kutuvimbia uso, kwa kutunyima vitunguu, na kwa kutufundisha kwamba mzinga huulizwa kabla haujafumbwa mdomo. Huna mzinga tena pale uani, na hakuna ugonjwa wa kukudanganya. Ukifika nyumbani leo, weka maji kidogo kwenye chungu, moto uwe mdogo, kaa kwenye benchi. Harufu itakayopanda haihitaji kukaguliwa. Tunakuombea jioni nyingi za namna hiyo.