Tulimutafutia Turbo Mutu wa Kichwa Yake

Kijiwe yetu iko kwa kwado ya Ministre, barabara ya Munigi: ubao mumoja juu ya mawe mbili za volkano, na mimi Mama Athanasie pembeni na termo zangu mbili za kahawa ya tangawizi. Ministre jina yake ya kweli ni Baharanyi. Mu kwado yake anaziba mipira za magurudumu zenye zimetoboka, lakini akifungua kinywa utasema radio inasoma habari. Kuko Ruffin, tunamuita Dokta juu alichunga mulango ya farmasi miaka mbili. Kuko Josias, Aleluya, mutu wa kuimba mu korali. Na kuko Kasereka, njo Turbo, musukumaji wa chukudu, ile gari yetu ya mbao ya magurudumu mbili. Mwezi ine sasa, alitoka Kibumba na viazi, freni ikakatika ku mutelemuko, kichwa ikapiga ku jiwe. Siku nane hakufungua macho. Leo anakuja hapa na miguu yake mwenyewe. Mimi kila asubui nikimuona ninasema aksanti Mungu, kisha ninamugombeza juu amechelewa.

Kidonda ilifunga vizuri, lakini ndani bado. Neno inatoka polepole, kelele inamuumiza, na hasira inamupanda bila kubisha. Wiki tatu iliyopita alitupa sufuria ya maharagi ku ukuta, watoto wakakimbia inje. Bibi yake Charline, mama ya wale watoto, akawakusanya, akaenda kwa mama yake, kule Mugunga. Alipita hapa na mizigo ku kichwa, akatuambia wazi: “Mumutafutie mutu mwenye anajua mambo ya kichwa. Akimupata nitarudi. Bila hivyo, hapana.” Tukaapa tutamutafuta. Leo asubui njo tulifanya mukutano, na Turbo mwenyewe alikuwa amekaa mwisho wa ubao, kofia ya sufu imefunika kovu.

— Mukutano imefunguka, Ministre akasema, na pompe ya upepo ku mukono. Swali ni moja: psikolog ya Turbo itatoka wapi?

— Kinshasa, Dokta akasema. Hapa hakuna mwenye anaweza. Ubongo iko na etaje saba, sawa nyumba ya gorofa. Turbo alipoanguka, etaje ya tatu ilishuka juu ya ya pili. Njo maana neno inachelewa: iko natafuta ngazi.

— Nani alikuambia hiyo?

— Nilifanya farmasi, Ministre!

— Ulifanya mulango!

— Mulango ya farmasi ni farmasi.

— Na Turbo atafika Kinshasa na nini? Ndege? Ama haukusikia kama uwanja imefungwa?

— Atazungukia Kigali.

— Mutu mwenye hawezi kuvumilia kelele ya pompe yangu, unataka kumuingiza mu ndege!

Turbo akainua kidole.

— Mi... mi nili...

— Ulianguka, ndugu yangu, tunajua, Aleluya akamushika bega. Pole. Usijichokeshe.

— Mumupe sukari, Dokta akasema. Ubongo inakula sukari.

Nikamutilia sukari. Hakuniomba.

— Mimi niko na neno moja tu, Aleluya akaendelea. Huyo psikolog aombewe kwanza. Asubui mpaka jioni anasikia matatizo ya watu. Zile zote zinaenda wapi? Zinabakia mu yeye! Turbo akiingia wa mwisho, atatoka pale na ndoa ya mutu mwingine yenye imevunjika.

— Ayi! Hiyo sikuifikiria, Dokta akasema.

— Juu haufikirie, Ministre akasema. Wewe unachunga.

Ministre akagonga pompe chini.

— Musikilize. Mutu mwenye hajawahi kuanguka atajua nini ya kuanguka? Natafuta psikolog mwenye kovu.

— Na kama hatumupati? nikamuuliza.

— Tunamukamata mwenye hana. Tunamupandisha ku chukudu kule juu Munigi, tunaachilia. Akiamuka, ni psikolog wa kweli.

— Na asipoamuka?

— Basi hakukuwa na masomo ya kutosha.

Tukacheka mpaka wapita njia wakageuka. Mimi pia siko mutakatifu. Nikasema atafutwe mwanamuke munono, mwenye kukaa vizuri mu kiti, juu mutu munono anatuliza moyo. Aleluya akasema munono sawa, lakini asikuwe wa kucheka na meno yote. Dokta akasema hapana, muzee, ndevu nyeupe, tena asikie na sikio moja tu, ili hasira ya Turbo ikiingia isipate mahali pa kupita.

— Kuko... mama mumoja... Turbo akaanza.

— Charline! Dokta akapiga makofi. Anamulilia Charline! Pole, Turbo, atarudi.

— Ha-hapana. Mardi... nilienda...

— Anataka kwenda mardi, yaani Jumanne, Ministre akatangaza. Tuandike mardi. Lakini wapi?

— Sikia, Dokta akasimama. Ministre, jante ya gurudumu ikipinda upande moja, unaipiga upande gani?

— Upande ingine.

— Njo hivyo!

— Weye Ruffin! nikapiga kelele. Ukimugusa huyu mutoto wa watu na nyundo, nitakumwangia termo muzima!

Hapo Turbo akapiga ubao na ngumi. Kikombe ikaruka, kahawa ikamwangika ku suruali ya Aleluya. Turbo akasimama, macho imekuwa nyekundu, kinywa iko wazi na hakuna kitu inatoka.

— Munaona? Ministre akasema polepole. Munaona kichwa ile? Hatuna siku ya kupoteza.

Kulikuwa mama mumoja, mugeni, alikuwa amesimama pale tangu mwanzo. Moto, ile pikipiki yenye ilimubeba, ilipasuka mupira, alikuwa anangojea Ministre amalize siasa yake amuzibie. Kitambaa ya bleu, sakosh ya mukono chini ya kwapa, hatukumujua. Hakupandisha sauti.

— Munisamehe. Huyu papa, mara ya mwisho alimaliza kusema fraze yake hapa ilikuwa siku gani?

Dokta akaangalia Aleluya, Aleluya akaangalia suruali yake. Mimi nikatafuta mu akili. Jana? Jana alianza jambo ya mvua, nikamumalizia. Dimanche? Dimanche, siku ya misa, alitaka kusema kitu juu ya mutoto wake, Ministre akaimaliza, tena akaimaliza vibaya. Nikarudi nyuma mpaka siku alitoka lopitali. Hakukuwa hata moja. Haya ilinishika, aki ya Mungu. Mimi mwenye ninajisifu kama ninamulisha.

— Kaa, Turbo, nikasema. Tuko nasikia.

Akakaa. Akafunga macho. Moto zikapita, ingine, ingine. Ministre akafunika kinywa yake mwenyewe na mukono yenye grisi.

— Nili... enda. Mardi. Mara mbili sasa.

Tukangoja.

— Niliuliza... infirmière. Ule wa kufunga kidonda. Nikamuambia, kidonda imepona, lakini mi... mi bado. Akanipeleka ku... ku...

Nilikuwa ninajua! Santé yote ya kutunzia wagonjwa hapa ninaijua! Nikajiuma midomo.

— ...chumba ya nyuma. Kuko mama mumoja. Ernestine. Njo psikolog.

Dokta akashika ubao na mikono mbili.

— Anakaa. Ananiacha nasema. Aliniuliza, nini inakukasirisha? Nikasema... watu wananikamatia neno mu kinywa. Nyumbani. Hapa. Wananipenda, lakini wananikamatia. Inanikaba, kisha... natupa sufuria.

Akapumzika.

— Akasema siko kichaa. Kichwa iliumia, inatembea polepole. Itachukua wakati murefu. Nirudi kila mardi. Jana, mardi ya pili, nilimuita Charline, akakuja kule. Akasikia. Atarudi... siku ya samedi. Na watoto.

Nikaweka mukono ku kifua. Nilitaka kupiga kigelegele, nikaimeza.

— Mama Ernestine aliniuliza, ile mardi ya kwanza, siku ulianguka, nani alikubeba? Nikasema sijui. Ile siku... haiko mu kichwa yangu. Charline njo alinielezea ku telefone, ile jioni.

Sisi hatukumuambia hata siku moja. Utaanza kuambia mutu vile namna gani? Tulimulaza ku chukudu yake mwenyewe, Ministre na Dokta wakasukuma, Aleluya akatangulia anasimamisha magari na sauti yake ya korali, na mimi nilikuwa nakimbia kando, nimeshika kichwa yake na kitambaa yangu, ninamuambia usilale Kasereka, usilale.

— Wiki yote... nilikuwa natafuta kusema. Kila asubui nakuja na hiyo neno. Munaniwekea sukari. Munanipa pole. Mi nataka kusema...

Ikakwama. Jasho ikamutoka ku paji. Tukabaki naye pale, sisi ine na ule mama mugeni, hakuna mwenye alimusaidia, na haijawahi kuniumiza namna ile kunyamaza.

— ...aksanti. Mulinipeleka. Niko muzima juu yenu. Aksanti.

Dokta alikuwa analia wazi, makamasi na yote. Ministre alikuwa angali na mukono ku kinywa. Mimi nilikuwa na maneno makumi ku ulimi, lakini niliogopa: labda hajamaliza, nitamukatia tena. Basi tukangoja. Turbo akatuangalia mumoja mumoja, akaona namna tumekauka pale, na kicheko ikamutoka, kicheko yake yenye hatukuisikia mwezi ine.

— Nimemaliza, akasema. Sasa museme.