Ofisa Alisema Ata-raise Daraja

Benchi letu hapa sokoni Suneka liko mbele ya duka la nafaka la Dahir, na anayewahi kukaa ndiye anayewahi kulalamika. Leo sote tumefura. Mvua iling'oa daraja la miguu pale mtoni, magogo yake mawili yakabaki ukingoni, na watoto wa ng'ambo wanapita majini kwenda shule. Ofisa wa kaunti alikuja barazani, tukamweleza shida hiyo, akasema kwa Kiingereza, "I will raise it." Tukapiga makofi, mimi wa kwanza. Mwezi umeisha.

— Alitudanganya! akafoka Ogeto, tunayemwita Kamusi. Raise ni kuinua. Ameinua nini? Hata kijiti!

— Pole pole, akasema Job, jina la kijiweni Wakili, ingawa mahakamani alienda mara moja tu, kushtakiwa. Mimi nime-raise kuku, nime-raise watoto. Raise ni kulea. Daraja italelewa mpaka ikue.

— Itapewa uji? Dahir akauliza, akimimina kahawa.

— Usicheke! Job akamkemea. Bandu bandu huisha gogo.

— Sasa hiyo methali inaingia wapi?

— Si inaingia kwa gogo!

— Wallahi, akasema Dahir, mimi najua raise ya bei. Wakubwa wakisema raise, ficha unga. Kesho mtalipishwa kuvuka hiyo mto.

— Tulipishwe maji ya Mungu? Job akamaka.

Kamusi akaruka, kahawa ikamwagikia suruali.

— Raise pia ni kufufua! Huyo bwana anangoja daraja ioze kabisa, halafu aje kuifufua apigwe picha!

— Mshenzi sana! nikasema.

Ndipo Bonareri akapanda kutoka mtoni, sketi imelowa mpaka kiunoni, mtoto wake wa nasari mgongoni akitetemeka. Kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa kimeenda na maji.

— Mama, hebu tuamulie, Kamusi akamwita. Raise ni nini?

Alimshusha mtoto, akamkamua soksi.

— Wazee wangu, mimi nimehamia huku juzi. Kwetu Ikonge daraja ikianguka tunaitana risaga, kila nyumba inatoa mtu, na jioni watu wanavuka. Kwa hivyo nauliza tu. Hayo magogo ni mazito sana?

Dahir akainamia birika. Hakuna aliyejua, maana hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameyagusa.