Nahodha Asiyewahi Kupanda Meli

Marehemu, ambaye nyote mlimwita Nahodha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yetu, fundi seremala.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974. Akaingia sekondari, akatimuliwa kidato cha pili kwa kumchora mwalimu mkuu kama nyangumi mwenye miwani. Hata walimu walikiri kwamba miwani ilifanana.

Tangu 1979 alikuwa mchoraji wa mabango. Ule mshale unaoelekeza mochwari katika hospitali yetu ni wa mkono wake, na wiki hii ameufuata.

Mwaka 1988 alimwoa shemeji yetu, fundi cherehani. Wakaanza pamoja riwaya ya picha kuhusu safari ya baharini: mume akichora, mke akiwatungia mabaharia mashairi. Marehemu hakuwahi kupanda hata mtumbwi. Mawimbi aliyasomea kwenye karai la kufulia. Ugomvi wao wa nyumbani ulikuwa mmoja tu.

"Mke wangu, ubeti huu umenenepa. Hauingii kwenye kiputo cha maneno."

"Panua kiputo, bwana wee. Mabaharia wangu hawafi bila vina."

Kitabu cha kwanza kilichapwa mwaka 2015, katika kiwanda cha uchapaji ninapofanya kazi mimi, mdogo wake. Ni mimi niliyezipanga kurasa, nikauweka ukurasa wa 41 kabla ya wa 40. Nahodha wa hadithi akazama kwanza, ndipo akawaaga wenzake kwa beti sita. Wasomaji waliusifu sana ubunifu huo. Kaka hakuusifu. Hakusema nami tena, nami nikajitia kiburi, nikangoja anianze yeye. Badala yake akanichora. Katika kitabu cha pili yumo baharia mwenye sura yangu, ndani ya meli inayovuja, anateka maji kwa ndoo. Miaka minane nilikuwa nateka tu, na maji yalikuwa yanapanda.

Agosti 2023 daktari alimwambia kwamba mapafu yake yamejaa maji. Novemba akalazwa. Akamwambia mkewe, "Mwite yule wa ndoo." Nikapanda basi la kwanza. Nilifika tarehe 9 Novemba saa nne asubuhi. Alikuwa amefariki saa moja na nusu asubuhi hiyo hiyo.

Shemeji alinionyesha ukurasa wa mwisho, ungali wa penseli. Meli imeingia bandarini, na mabaharia wote wana nyuso isipokuwa mmoja. Pale palipokuwa na uso wangu, kifutio kilikuwa kimetoboa karatasi.

"Alitaka kukuchora unacheka, shemeji," aliniambia. "Akachora, akafuta, akachora, akafuta. Mwisho akasema amesahau unavyocheka."

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na ndugu wanne, mmoja wao akiwa mimi ninayewasomea haya.

Apumzike nchi kavu, kwa amani.